Harufu Mbaya ya Kinywa Ina Chanzo, na Ina Tiba

Katika vijiji vyetu wako watu wanaofunika mdomo kwa mkono wanapozungumza. Wengine hukaa pembeni kwenye mkutano. Wako watoto wanaochekwa shuleni mpaka wanachukia masomo. Wako pia mume na mke wanaopeana mgongo usiku, na hakuna anayetaja sababu. Sababu ni harufu mbaya ya kinywa.

Watu huliona jambo hili kuwa ni aibu. Mwenye harufu hasemi kwa kuwa anaona haya. Jirani yake hasemi kwa kuwa anaogopa kumuudhi. Miaka inapita. Mwisho wake meno yanalegea na kung'oka. Wakati mwingine harufu hiyo huwa ni dalili ya ugonjwa mkubwa, nao unaendelea kukua kwa sababu hakuna aliyesema.

Leo tutajifunza mambo manne. Kwanza, harufu hii inatoka wapi. Pili, mambo yanayosemwa juu yake ambayo si ya kweli. Tatu, namna ya kuiondoa nyumbani. Nne, ni wakati gani ni lazima kwenda zahanati bila kuchelewa.

HARUFU YA KAWAIDA NA HARUFU YA KUDUMU

Si kila harufu ya kinywa ni ugonjwa. Kila mtu akiamka asubuhi kinywa chake hunuka kidogo. Tukilala mate hupungua, na kinywa hukauka. Ukipiga mswaki na kunywa maji, harufu hiyo huondoka.

Vilevile mtu akila kitunguu saumu au kitunguu maji, harufu yake hukaa saa nyingi. Harufu ya kitunguu huingia katika damu, hufika kwenye mapafu, na hutoka pamoja na pumzi. Hata hiyo huisha yenyewe.

Mtu aliyefunga, awe katika mwezi wa Ramadhani au katika Kwaresima, kinywa chake huwa kikavu na hunuka mchana. Hiyo nayo si ugonjwa. Yafaa asafishe meno na ulimi vizuri baada ya chakula cha mwisho.

Harufu tunayoizungumzia hapa ni ile isiyoondoka. Unapiga mswaki asubuhi, na kabla ya saa sita mchana imerudi. Ipo leo, ipo kesho, ipo wiki ijayo. Hiyo ina chanzo, na chanzo hicho lazima kitafutwe.

HARUFU INATOKA WAPI?

Ndani ya kinywa cha kila mtu mna vijidudu vingi sana. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Vingi havina madhara. Lakini vijidudu hivi vinakula, kama viumbe vingine. Chakula chao ni mabaki ya chakula chetu, ngozi laini iliyokufa ndani ya mdomo, na damu inayotoka kwenye fizi.

Vijidudu vikila vitu hivyo hutoa hewa mbaya. Hewa hiyo ina salfa ndani yake. Wewe unaijua harufu ya yai viza. Harufu ya yai viza na harufu ya kinywa kichafu ni ndugu, kwa sababu zote mbili zinatokana na salfa.

Waganga wamechunguza watu wengi wenye harufu ya kudumu. Kati ya watu 10, kwa kawaida 8 au 9 chanzo chao kimo ndani ya kinywa chenyewe. Kwa hiyo tuanze kutafuta humo. Mahali pa kutazama ni panne.

1. Ulimi. Ulimi si laini kama unavyodhani. Juu yake una vinyweleo vingi vidogo, kama zulia. Mabaki ya chakula na vijidudu hujificha humo, hasa nyuma, karibu na koo. Watu wengi husafisha meno kila siku, lakini ulimi hawaugusi. Tazama ulimi wako kwenye kioo. Ukiona utando mzito mweupe au wa manjano huko nyuma, huenda umekwisha kupata chanzo cha harufu.

2. Fizi. Mtu asiposafisha meno vizuri, utando unaonata hujijenga juu yake. Utando huo ukiachwa kwa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ukoga. Ukoga husukuma fizi, na fizi huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu. Baadaye fizi huachana na jino. Panakuwa na mfuko mdogo kati ya jino na fizi, na mswaki haufiki ndani yake. Vijidudu hustawi humo, harufu huzidi, na mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu hupoteza meno ambayo hayakutoboka hata kidogo.

3. Jino lililooza. Tundu la jino ni kama shimo la taka. Chakula huingia na kuoza humo. Jino likifa ndani, usaha hujikusanya kwenye mzizi wake na kutoka polepole. Mtu huonja ladha mbaya mdomoni na watu husikia harufu.

4. Kinywa kikavu. Mate ni maji ya kuoshea kinywa. Mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita mpaka lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate yakipungua, taka hubaki. Mate hupungua mtu asipokunywa maji ya kutosha wakati wa kulima juani, akizoea kupumua kwa mdomo, akivuta sigara, au akinywa pombe nyingi. Dawa nyingine za hospitali, kama baadhi ya zile za shinikizo la damu, nazo hukausha kinywa. Ukiona hivyo usiache dawa. Mwambie aliyekuandikia.

Tumbaku inastahili kutajwa peke yake. Sigara, kiko na ugoro vyote huleta harufu, hudhuru fizi, na huweza kuleta saratani ya kinywa. Mvutaji anaweza kuwa na fizi mbovu sana ambazo hazitoki damu, kwa sababu tumbaku huzuia damu kufika kwenye fizi. Anadhani yu mzima, kumbe meno yanalegea.

MAMBO YASEMWAYO AMBAYO SI YA KWELI

"Harufu hutoka tumboni." Hili linasemwa sana. Mtu hunywa dawa ya kuharisha ili asafishe tumbo. Tumbo linauma, mwili unapungukiwa na maji, kinywa kinakauka, na harufu inazidi. Ukweli ni kwamba njia ya chakula hujifunga baada ya kumeza. Harufu ya tumboni haipandi ovyo. Huweza kupanda kwa mtu mwenye kiungulia cha mara kwa mara, lakini hao ni wachache.

"Amerogwa," au "ni ya ukoo." Watu wa nyumba moja huweza kuwa na harufu kwa sababu wana desturi moja: hawasafishi ulimi, au wanatumia mswaki mmoja watu watatu. Mtoto hujifunza aliyoyakuta.

"Akatwe kimeo." Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Wako wanaoamini kuwa kimeo ndicho huleta kikohozi na harufu, nao hukikata kwa wembe au kisu. Kimeo hakina kosa. Kukikata kumewahi kuwaua watoto kwa kutokwa damu nyingi, na kisu kichafu huingiza maradhi. Usikubali mtoto wako akatwe kimeo.

"Meno ya kahawia ndiyo yananuka." Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji ya visima na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kwa wingi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake yanaota, meno hutoka na rangi ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino, haiondoki kwa kusugua, wala hainuki. Usiyakwangue meno hayo kwa mchanga au jiwe. Utayaharibu bure.

"Tafuna karafuu, itakwisha." Karafuu, iliki na peremende hufunika harufu kwa muda. Ni sawasawa na kuweka maua juu ya shimo la taka. Harufu nzuri ikiisha, ile mbaya ipo pale pale. Tena peremende yenye sukari hulisha vijidudu na kutoboa meno.

JIPIME MWENYEWE

Pua ya mtu huzoea harufu ya kinywa chake. Kwa hiyo ukipulizia mkononi na kunusa, hutapata jibu la kweli. Jaribu njia hizi.

Chukua kijiko safi. Kwangua taratibu sehemu ya nyuma ya ulimi. Ngoja kidogo, kisha nusa kile kilichobaki kwenye kijiko.

Au lamba kifundo cha mkono wako upande wa ndani. Ngoja mate yakauke kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nusa.

Njia iliyo bora ni kumwuliza mtu unayemwamini: mke, mume, dada, au rafiki. Mwambie, "Nataka unisaidie. Niambie kweli, je, kinywa changu kinanuka?" Mwulize siku mbili tofauti. Wako watu wanaojidhania kuwa wananuka, na kumbe hawanuki. Hao huteseka bure kwa miaka.

MATIBABU YA NYUMBANI: FANYA HIVI KWA SIKU 14

Matibabu haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji uyafanye kila siku bila kuacha.

Jambo la kwanza: piga mswaki mara mbili kwa siku. Mara moja iwe usiku kabla ya kulala, wala usikose. Usiku mate ni machache, na mabaki ya chakula hukaa saa nyingi bila kuoshwa.

Ukiwa na mswaki wa dukani, chagua ulio laini. Ulaze kidogo, ili nywele zake ziguse jino na ufizi kwa pamoja. Sugua taratibu kwa mizunguko midogo. Safisha upande wa nje, upande wa ndani, na juu ya magego. Tumia muda wa dakika mbili. Ukimaliza, tema dawa ya meno, lakini usisukutue kwa maji mengi. Dawa yenye floraidi ikibaki kidogo hulinda meno yasitoboke. Mswaki ubadilishwe baada ya miezi mitatu hivi, au nywele zake zikitawanyika. Kila mtu awe na mswaki wake.

Ukiwa huna mswaki wa dukani, usikae bure. Wazee wetu walisafisha meno kwa vijiti vya mti wa mswaki, na wengine hutumia mwarobaini. Kijiti kikitumiwa vizuri husafisha meno vizuri. Kata kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo na urefu wa kiganja. Kioshe. Menya ganda kwenye ncha moja, kisha itafune mpaka iwe kama brashi. Sugua jino moja moja, kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Watu wengi husafisha meno ya mbele tu kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Kumbuka upande wa ndani na magego ya nyuma. Brashi ikichakaa, ikate na utafune mpya. Usitumie kijiti cha mti usioujua, kwa maana miti mingine ina sumu.

Mkaa, majivu na mchanga visitumike. Vinakwangua meno na kujeruhi fizi.

Jambo la pili: safisha ulimi. Fanya hivyo mara moja kwa siku. Tumia mswaki, au ukingo wa kijiko safi. Toa ulimi nje. Anza nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika, kisha vuta kuja mbele. Rudia mara nne au tano na suuza kijiko kila mara. Usikwangue kwa nguvu mpaka ulimi utoke damu. Siku za kwanza utajisikia kutapika, lakini utazoea. Watu wengi wenye harufu huona nafuu kwa jambo hili moja.

Jambo la tatu: safisha katikati ya meno. Nyama na nyuzi za mhogo au muwa hukwama humo. Uzi wa kusafishia meno unafaa sana kama unapatikana. Kama haupatikani, tumia kijiti chembamba laini. Usichokonoe fizi.

Jambo la nne: sukutua kwa maji ya chumvi kama fizi zimevimba. Chukua glasi moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kuwa vuguvugu. Tia nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Sukutua, kisha tema. Usimeze. Fanya mara mbili au tatu kwa siku.

Jambo la tano: kunywa maji. Ukienda shamba chukua maji safi. Baada ya kula, sukutua kwa maji. Punguza soda, pipi na chai yenye sukari nyingi. Acha tumbaku.

Jambo la sita: mwenye meno ya bandia ayavue usiku, ayasugue, na ayaweke kwenye maji safi.

Fizi zilizovimba zikianza kusafishwa zitatoka damu. Wengi huogopa, wakaacha mswaki. Hilo ni kosa. Damu inatoka kwa sababu fizi zinaumwa, na zinaumwa kwa sababu ni chafu. Endelea kusafisha taratibu. Kwa watu wengi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Mama mjamzito fizi zake huvimba upesi zaidi kuliko za mtu mwingine. Naye asiache mswaki. Azidi kuwa mwangalifu, na amweleze mhudumu wa kliniki.

BAADA YA SIKU 14

Kama umefanya yote haya kwa siku 14, na harufu ipo, au fizi bado zinatoka damu, nenda zahanati. Kama zahanati yako haina mtaalamu wa meno, omba uelekezwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Mtaalamu atatazama kinywa chako. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Yeye ana vyombo vya kuuondoa. Jino lililotoboka huzibwa kama bado lina nguvu, au hung'olewa kama limekufa. Ni afadhali uende mapema, kwa sababu kuziba tundu dogo ni rahisi kuliko kutibu jipu.

Usitie maji ya betri, dawa ya wadudu au tumbaku kwenye jino bovu. Vitu hivi huunguza nyama ya mdomo na vingine huua. Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani ukameza viwili vitatu halafu ukaacha. Havitazibua tundu la jino, na vijidudu huzoea dawa.

Mtaalamu asipokuta kosa kinywani, atatafuta mahali pengine. Mafindofindo ya mara kwa mara huacha vipunje vyeupe kooni vyenye harufu kali. Mafua ya muda mrefu hujaza uchafu katika mianzi ya pua, na uchafu huo hushuka kooni. Mtu mwenye kisukari fizi zake huharibika upesi. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa huweza kupata utando mweupe na vidonda vya fizi. Kwa hiyo ukiambiwa upime, pima.

HARUFU AMBAYO HAISUBIRI

Zipo harufu ambazo hazingoji siku 14. Ukiona dalili zifuatazo, ondoka siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye kidonda cha fizi na harufu kali. Hapa tuwe waangalifu sana, maana ni jambo la kufa na kupona. Upo ugonjwa uitwao noma. Huwapata hasa watoto wenye umri wa miaka 2 mpaka 6 ambao hawali vizuri, na mara nyingi huja baada ya surua, malaria au ugonjwa mwingine uliomdhoofisha mtoto. Huanza kwa ufizi kuuma, kutoka damu na kufanya kidonda. Kinywa hunuka vibaya sana, na mate humtoka mtoto. Kisha shavu huvimba. Baada ya siku chache shavu huwa jeusi na kutoboka. Bila matibabu, inakadiriwa kuwa watoto 9 kati ya 10 hufa. Wanaopona hubaki na tundu usoni, na wengine hawawezi tena kufungua mdomo.

Lakini noma ikigunduliwa wakati bado ni kidonda cha ufizi, hutibika kwa dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora. Dawa hizo si za gharama kubwa. Kinachowaua watoto ni kuchelewa. Mwezi Desemba mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Noma haiambukizi. Basi usimfiche mtoto ndani, wala usiwaogope jirani. Mtoto aliyetoka kuugua surua mfungue mdomo kila siku, utazame fizi zake na kunusa pumzi yake. Tena usisahau kuwa surua ina chanjo. Hapa Tanzania mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha akiwa na miezi 18.

Mtoto anayenuka puani upande mmoja. Watoto hupenda kutia vitu puani: harage, punje ya mahindi, ushanga, kipande cha sponji. Kitu hicho hukaa na kuoza. Tundu moja la pua hutoa usaha unaonuka, na watu hudhani ni kinywa. Usijaribu kukitoa kwa kijiti, utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke zahanati.

Uvimbe wa taya au chini ya kidevu. Mtu mwenye jino bovu akipata homa, taya likavimba, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, hatari ni kubwa. Uvimbe huo huweza kuziba njia ya hewa. Aende hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno. Kama mtu anakunywa maji sana, anakojoa mara nyingi, anatapika, anapumua kwa nguvu na kusinzia, huenda ni kisukari kilichopanda. Ni dharura.

Pumzi yenye harufu kama ya mkojo. Kama mtu huyo amevimba miguu na uso, na mkojo umepungua, huenda figo zake zimeshindwa kazi.

Kikohozi chenye makohozi yanayonuka, au chenye damu. Huenda kuna jipu katika pafu. Na kikohozi chochote cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Katika nchi yetu kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili. Hiki nacho kionekane na mtaalamu, hasa kwa mtu anayetumia tumbaku au ugoro. Kinaweza kuwa saratani.

TUWATUNZE WATOTO MAPEMA

Jino la kwanza la mtoto likiota, kazi ya kusafisha imeanza. Mtoto wa chini ya miaka 3 atumie dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 mpaka 6 atumie kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsaidie mpaka afike miaka 7 au 8, kwa maana mikono ya mtoto bado haijui kazi hiyo. Usimlaze mtoto na chupa ya uji au maji ya sukari mdomoni.

Meno ya utoto ni 20. Wengine husema, "Yatang'oka tu, ya nini kuyatunza?" Meno hayo hushika nafasi ya meno ya ukubwani. Yakioza, mtoto huumwa, halali, na hali vizuri. Mtoto asiyekula vizuri hudhoofu, na tumekwisha kuona maradhi yanavyompata mtoto aliyedhoofu.

NAMNA YA KUMWAMBIA MWENZAKO

Ndugu msomaji, huenda wewe hunuki, lakini unamjua mwenye tatizo. Usimseme mbele za watu. Usimcheke, wala usimtumie mtoto kupeleka maneno. Mkae wawili, mahali pa faragha. Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nakuambia kwa sababu nakupenda. Nimesikia harufu katika kinywa chako kwa siku nyingi. Nimesoma kuwa inatibika. Twende wote zahanati." Kwa mzee, yafaa maneno haya yasemwe na rika lake, au na mjukuu aliyezoea kutaniana naye. Atahuzunika kidogo siku hiyo. Lakini baadaye atakushukuru kwa kuokoa meno yake.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Walizungumza bila haya juu ya choo. Nasi tunaweza kuzungumza bila haya juu ya kinywa.

TUKUMBUKE

Harufu ya kudumu mara nyingi hutoka kinywani, si tumboni.
Safisha meno mara mbili kwa siku, na ulimi mara moja.
Fizi zinazotoka damu zisafishwe, zisiachwe.
Harufu isiyoisha baada ya siku 14 ipelekwe zahanati.
Mtoto mwenye kidonda cha ufizi na harufu kali apelekwe leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watu husema harufu ya kinywa husababishwa na nini? Yapi ni ya kweli, na yapi si ya kweli?
2. Ni miti gani hutumiwa kwa miswaki hapa kwetu? Je, tunasafisha magego na upande wa ndani wa meno?
3. Zahanati iliyo karibu nasi ina mtaalamu wa meno? Kama haina, mtaalamu wa karibu yuko wapi, na anapatikana siku zipi?
4. Je, wako watoto kijijini waliougua surua au waliodhoofu kwa kukosa chakula bora? Nani atazitazama fizi zao wiki hii?

Kazi ya kufanya: kila mwanakikundi atazame ulimi na fizi zake kwenye kioo leo jioni. Aanze kuhesabu siku 14. Siku ya 15 mkutane tena, mwelezane mliyoyaona.